Alivunja herufi ili watu wamsogelee: kuielewa sanaa dhahania kupitia Ibrahim El-Salahi

Mei 2012, picha ya mchoraji wa Marekani Mark Rothko yenye mistatili michache ya rangi ya machungwa, nyekundu na njano iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 86.9. Tangu hapo picha hiyo, au nyingine ya aina yake, haikosi kupita kwenye makundi ya WhatsApp, na maneno yanayoandikwa chini yake ni yale yale. Mmoja anasema mwanawe wa chekechea anachora zaidi ya hapo. Mwingine anauliza: kwani hii ni picha ya nini? Wa tatu anajibu kwamba ni ujanja wa matajiri kuficha fedha, na mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Swali la yule wa pili ni la haki kabisa. Mtu aliyekua akiona tembo na ndege wa Tingatinga, au picha ya baba wa taifa ukutani ofisini, amezoea kwamba picha ni ya kitu. Akiletewa turubai lisilo na kitu, lazima aulize. Tatizo ni majibu anayopewa: ama anaambiwa hajasoma, ama anamwagiwa majina ya Ulaya ambayo hayamgusi popote. Mimi ningependa tupite njia nyingine, kupitia Omdurman nchini Sudan, kwa mchoraji ambaye maisha yake yana vitu tunavyovijua: chuo cha Kurani, ubao, wino, na mvulana anayejifunza alifu kabla hajajua kufunga viatu. Anaitwa Ibrahim El-Salahi. Kwake, lile linaloaminika sana kuhusu sanaa hii, kwamba mchoraji wa dhahania anawakimbia watu wa kawaida, lilikwenda kinyume. Picha zake zilizofanana na vitu ndizo zilizowaondoa watu. Alipoanza kuyavunja maumbo ndipo walipomsogelea.

Dhahania ni nini hasa

Picha ya uhalisia inajitahidi kufanana na kinachoonekana kwa macho. Ukichora embe, mtazamaji aseme embe. Katika sanaa dhahania, mstari, rangi na umbo vinafanya kazi vyenyewe, havidaiwi kufanana na kitu. Kati ya hizo mbili kuna uwanja mpana sana, na wachoraji wengi tunaowaita wa dhahania wanaishi uwanjani humo: wanaanza na kitu, wanakipunguza, wanakirefusha, wanakivunja, na kila mmoja anasimama pale anapoona panatosha. El-Salahi ni mmoja wao. Ukizitazama kazi zake kwa makini utaona nyuso na vigogo vya miti vikichomoza kutoka kwenye mistari. Asiyejali mipaka ya wataalamu atamwita mchoraji wa dhahania, na hatakuwa amekosea sana.

Ili kuona kupunguza huko kunavyokwenda, hakuna mfano mzuri kuliko miti ya Mholanzi Piet Mondrian. Karibu na mwaka 1908 alikuwa akichora mti unaoutambua mara moja, mwekundu, shina na matawi yake yote. Katika mti wake wa kijivu wa 1911 matawi yamekuwa mapinde yanayojaza turubai zima. Miaka michache baadaye imebaki mistari ya wima na ya mlalo, na mti huuoni tena. Mondrian hakusahau kuchora mti. Alikuwa akiondoa kimoja kimoja kila alichoona si cha lazima, hadi akabaki na kile alichokitafuta tangu mwanzo, yaani uzani: kipi kinasimama, kipi kinalala, na vinabebana vipi.

Wengine walifika huko kwa njia zao. Msweden Hilma af Klint alikuwa na picha kubwa zisizo na sura ya kitu tangu 1907. Mrusi Wassily Kandinsky aliacha kazi ya sheria akiwa na umri wa miaka 30, akaenda Munich kujifunza kuchora, na hatimaye akaamini kwamba rangi peke yake inaweza kumgusa mtu kama muziki unavyomgusa.

Na kweli muziki ndio unaofungua mlango. Aliyehudhuria taarab ya zamani Unguja anajua kwamba kabla mwimbaji hajasimama hupigwa bashraf. Fidla, kanuni, udi na nai vinazungumza, neno hakuna hata moja. Huwezi kumsikia mtu akimgeukia jirani yake kuuliza bashraf hii inahusu nini. Inaingia, inautuliza ukumbi, inaandaa moyo, na fundi akikosea sauti wenye masikio wanajua. Hakuna anayedai kwamba kwa kuwa haina maneno basi yeyote anaweza kuipiga. Picha dhahania inaomba itazamwe kwa subira hiyo hiyo.

Niongeze jambo ambalo husahaulika kila mjadala huu unapozuka. Sanaa ya namna hii haikuletwa kwetu na meli. Wanawake wa Kirehe, mashariki mwa Rwanda, wanatengeneza imigongo kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, mistari ya pembe kali nyeusi, nyeupe na nyekundu, na haichorwi mtu wala mnyama. Ukili wa mikeka ya Pemba una hesabu yake ya rangi. Wachonga vinyago wa Kimakonde wana mtindo wanaouita mawingu, gogo la mpingo lililofunguliwa hadi halina uso wala mguu. Vitambaa vya nyuzi za mti wa rafia vya Wakuba wa Kasai, nchini Kongo, vilimvutia mchoraji Mfaransa Henri Matisse hata akavitundika mahali alipofanyia kazi. Tumeviishi vitu hivi, tumevikalia na kuvivaa, ndiyo maana hatukuwahi kuviwekea jina kubwa.

Ubao wa Omdurman

El-Salahi alizaliwa Omdurman Septemba 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini aliyeendesha chuo cha Kurani nyumbani kwake, kile ambacho Wasudani hukiita khalwa. Mtoto alianza kushika kalamu ya tete mapema mno, kabla hata ya umri ambao wengi hupelekwa chuoni. Wino ulitengenezwa kwa masizi na gundi ya mti. Waliosoma chuo cha zamani Lamu, Unguja au Bagamoyo hawahitaji kuelezwa zaidi: unaandika aya kwenye ubao, unaihifadhi, ubao unaoshwa, unaandika nyingine.

Sudan ina desturi yake juu ya hapo. Mwanafunzi akimaliza sehemu fulani ya Kurani, ubao wake hupambwa kwa rangi na maumbo, naye huupeleka kuonyesha na kupewa zawadi. Mapambo hayo huitwa sharafa. Nayatilia mkazo kwa sababu ndiyo darasa la kwanza la sanaa la El-Salahi. Kabla hajaona picha ya Mzungu yeyote, alikwisha jifunza kwamba ubao una ukingo na una kati, kwamba herufi ina unene na wembamba wake, na kwamba nafasi nyeupe kati ya maneno nayo inahesabiwa.

Baadaye alisoma uchoraji katika Chuo cha Gordon mjini Khartoum, mtaala ukiwa wa Kiingereza: chora chungu, chora mtu aliyekaa, pima kivuli. Alifaulu. Mwaka 1954 alipata ufadhili wa kwenda Slade School of Fine Art, London, akakaa hadi 1957. Alichora sura za watu kwa mafuta, alichora miili, alichora matunda mezani, vyote kwa ustadi unaotakiwa katika shule ya namna hiyo.

Hapa ndipo ile hoja ya mtoto wa chekechea inapokwama. Anayesema mchoraji wa dhahania amekimbilia huko kwa kushindwa kuchora mtu, amtazame El-Salahi wa miaka hiyo, au amtazame Mondrian wa kabla ya 1908. Na hata tukiacha elimu pembeni, jicho la mtazamaji wa kawaida si jinga kama tunavyodhani. Mwaka 2011 watafiti wa saikolojia Angelina Hawley-Dolan na Ellen Winner wa Boston College walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa picha mbili mbili, moja ya mchoraji wa dhahania anayejulikana, nyingine ya mtoto au mnyama kama sokwe. Mara nyingi kuliko kubahatisha walichagua ya mchoraji, hata pale majina yalipobandikwa kinyume kwa makusudi. Walipoulizwa sababu, mara nyingi walitaja kusudi la aliyechora. Mtoto anaweza kupiga mstari mzuri sana. Asichoweza ni kujua kwamba huu ndio mzuri, kuuacha, na kuujengea wa pili unaoujibu.

Maonyesho yaliyobaki matupu

El-Salahi alirudi Khartoum 1957 kufundisha. Sudan ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru, na kijana huyu alitoka London na cheti, mkono mzuri na hamu ya kuwaonyesha watu wake alichokipata. Akafanya maonyesho katika Grand Hotel, ukingoni mwa Nile. Watu walikuja siku ya ufunguzi, wakanywa vinywaji, wakatazama kidogo, wakaondoka. Siku zilizofuata hakuna aliyekanyaga pale.

Angeweza kuwalaumu. Wasanii wengi hufanya hivyo, husema umma haujastaarabika, na kwa bahati mbaya hata kwetu nimewasikia wakisema. El-Salahi alijiuliza yeye amekosa nini. Kwa muda wa kama miaka miwili alikwama kabisa. Akaanza kuzunguka Sudan akiangalia watu wanatazama nini wakiwa kwao: kuta za nyumba zilizochorwa, mikeka, vibuyu, matandiko ya wanyama, na juu ya yote maandishi, ambayo karibu kila nyumba ilikuwa nayo ukutani, aya au dua yenye fremu. Wasudani hawakuwa watu wasiopenda picha. Walikuwa na picha zao tayari, na zile alizowaletea hazikuwa na nafasi ya kuingilia.

Alichofanya baada ya hapo ameshakieleza mara nyingi. Alianza kuandika maneno madogo ya Kiarabu pembeni mwa picha zake, madogo kama stempu ya barua. Watu wakasogea. Akayatandaza maneno turubai zima, wakasogea zaidi. Kisha akaanza kuivunja herufi yenyewe, kutaka kujua kilichomo ndani kinachoipa nguvu, na humo yakaanza kutoka maumbo ambayo hakuyapanga: wanyama, mimea, watu.

Tukae hapa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kiini cha fikra yake. Herufi ni alama isiyofanana na chochote. Hakuna kitu duniani chenye sura ya sauti "ba". Kwa hiyo kila anayesoma, awe Khartoum au Kigoma, kila siku anatumia maumbo dhahania bila kulalamika. El-Salahi aliiondolea herufi kazi ya kusomwa, akaiacha na mwili wake. Nitoe mfano wangu mwenyewe: chukua nuni, bakuli lenye nukta, uligeuze kidogo, unaona jicho. Wau ina kichwa cha mviringo na mkia, ivute ushuke chini na una mtu aliyejitanda. Lamu-alifu ina pembe mbili. Wengine walitoka kwenye kitu wakaenda kwenye umbo tupu. Huyu alianza na umbo tupu, akalichokonoa hadi likazaa viumbe.

Picha yake kubwa ya kipindi hicho, Reborn Sounds of Childhood Dreams I, yaani sauti za ndoto za utotoni zilizozaliwa upya, aliifanyia kazi kati ya 1961 na 1965. Ina takriban mita mbili na nusu kila upande, na leo ni mali ya jumba la sanaa la Tate, London. Ndani yake wamesimama viumbe warefu, wembamba, nyuso zao kama vinyago, wanatokea na kupotea katika ukungu wa rangi zilizofifia. Rangi aliziwekea mpaka kwa hiari yake: nyeusi, nyeupe, kahawia iliyoungua, manjano ya udongo. Alisema ndizo rangi za ardhi ya Sudan na za ngozi za watu wake. Ukizijua hizo, utaona kwa nini picha isiyo na mto wala nyumba inaweza kuwa ya mahali fulani kuliko picha ya kadi ya posta.

Je, ni kwa sababu ya dini?

Dhana moja hujitokeza haraka msomaji akisikia jina la Kiislamu likitajwa pamoja na sanaa dhahania: kwamba aliogopa kuchora viumbe. Kwa El-Salahi hilo haliwezi kuwa. Nyuso zimejaa kazi zake tangu ujana hadi uzeeni. Dini imo, lakini mahali pengine. Ni mtu anayeswali kabla ya kushika kazi, na anaiona picha kama kitu kinachopitia mkononi mwake. Ameeleza tena na tena kwamba picha humjia kama vile inafanywa na roho nyingine ndani yake, naye hajui itaishia wapi.

Wala hakuwa peke yake. Osman Waqialla alikwisha anza kabla yake kuitoa khati ya Kiarabu kwenye kazi ya kunakili na kuifanya picha. Ahmed Shibrain alikwenda mbali zaidi na maandishi. Hao pamoja na El-Salahi na wenzao ndio walioitwa Shule ya Khartoum, si jengo bali kundi la wasanii wa miaka ya 1960 waliochanganya Uarabu na Uafrika wa nchi yao kwenye turubai moja. Uchoraji wa herufi wa aina hii, ambao ulikuwa ukikua pia Iraki na kwingineko, wahakiki wameupa jina hurufiyya. Mwanzoni mwa miaka hiyo El-Salahi alifika pia Ibadan, Nigeria, kwenye Mbari Club, ambako waandishi na wachoraji wa Afrika walikuwa wakikutana bila kupitia London wala Paris.

Si kila mtu aliridhika. Kamala Ibrahim Ishaq, aliyekuwa ndani ya Shule ya Khartoum, alijitenga na pamoja na wanafunzi wake wakatoa ilani mwaka 1976, wakijiita Wakristali. Kwao kurudi kwenye urithi kulikuwa kumegeuka kanuni nyingine ya kuwabana wasanii. Nadhani walikuwa na hoja. Herufi iliyovunjwa mara ya kwanza ni ugunduzi, ikivunjwa na kila mtu kwa namna ile ile ni pambo la hoteli. El-Salahi mwenyewe hakubaki hapo, na kilichomhamisha kilikuwa kigumu.

Karatasi zilizofukiwa mchangani

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliitwa nyumbani kutoka ubalozi wa Sudan London kusimamia mambo ya utamaduni katika serikali ya rais Jaafar Nimeiry, akafikia ngazi ya juu wizarani. Septemba 1975, baada ya jaribio la mapinduzi, alikamatwa akihusishwa nalo. Hakufikishwa mahakamani. Alikaa gereza la Kober, Khartoum, kwa zaidi ya miezi sita.

Kuandika na kuchora kulikatazwa, na aliyekutwa na kalamu alijua adhabu inayomngoja. El-Salahi alichora mchangani kwa kijiti wakati wa kutolewa nje, kisha akafuta. Alichora pia kwenye vipande vidogo vya karatasi vilivyopatikana kwa siri, akavifukia mchangani. Alipotoka na kuwekwa chini ya ulinzi nyumbani, alijaza daftari zima michoro ya kalamu na maandishi juu ya yaliyompata. Daftari hilo la 1976 sasa limehifadhiwa Museum of Modern Art, New York.

Kilichotoka gerezani ni zaidi ya kumbukumbu chungu. Ilitoka mbinu mpya ya kazi. Mtu mwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja hawezi kupanga picha kubwa. Anachora kiini, halafu kipande cha pili kinachoendelea pale cha kwanza kilipoishia, halafu cha tatu, na akikamatwa na kimoja vingine vinabaki. El-Salahi akaishika mbinu hiyo akiwa huru. Anaanza na sehemu ndogo katikati, haichorei kielelezo cha awali, anaiacha iote kuelekea upande inaotaka, akiongeza kipande baada ya kipande, kila kimoja kikiwa na uhai wake hata kikitengwa.

Aliondoka Sudan 1977, akafanya kazi Qatar kwa miaka mingi, na huko ndiko alikochora The Inevitable, yaani lisiloepukika, mwaka 1984 na 1985. Ina vipande tisa vya wino mweusi kwenye karatasi ngumu, vikikutanishwa vinajaza ukuta. Mikono, ngumi, nyuso na silaha vimesukwa humo, lakini jicho halipewi pa kutua. Wakati anaichora, Wasudani walikuwa wakijiandaa kumwondoa Nimeiry, na Aprili 1985 wakamwondoa. Leo kazi hiyo ipo Johnson Museum, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Picha ile ingekuwa ya askari na waandamanaji waliochorwa sawasawa, ingebaki habari ya Aprili ile. Kwa kuwa imevunjwavunjwa hivyo, kijana wa Khartoum aliyeandamana 2019 anaweza kusimama mbele yake na kuikuta ni yake.

Mti unaokataa mvua

Baada ya kuhamia Oxford mwaka 1998, El-Salahi alijikita katika mti mmoja, haraz. Ni mti wa jamii ya migunga unaoota kandokando ya Nile, na tunao pia Tanzania na sehemu nyingi za Afrika. Tabia yake ni ya ajabu. Mvua zikianza, wakati kila kitu kinachipua, haraz unapukutisha majani yake yote. Kiangazi kikikolea na miti mingine imekauka, wenyewe unasimama kijani. Wakulima wanaupenda kwa sababu hiyo: msimu wa kilimo hauwazibii mazao jua, na majani yaliyoanguka yanarutubisha shamba.

El-Salahi aliuona ni tabia ya watu wake, mti unaosema hapana pale wote wanaposema ndiyo. Katika mfululizo wa picha anazoziita za mti, shina limekuwa nguzo na pau zilizosimama wima, matawi yamekuwa mistari na vipande vya rangi vinavyopangana, nyingine ni nyeusi na nyeupe tupu, nyingine zina rangi kali ambazo ujanani asingezigusa. Mondrian alipunguza mti hadi ukaondoka. El-Salahi alipunguza kila kitu isipokuwa kusimama kwake, maana huko kusimama ndiko alikokuwa akikutafuta. Hapa pana jibu kwa wanaodhani kuna siri iliyofungwa ndani ya kila picha dhahania na kwamba ufunguo wameficha wasomi. Aliyejua habari ya haraz atafurahi zaidi, ni kweli. Asiyejua bado ataona kitu kilichonyooka, kigumu, kinachokataa kuinama, na atakuwa ameona jambo lenyewe.

Mwaka 2013 Tate Modern ya London ilifanya maonyesho ya kazi zake za maisha yote, mara ya kwanza kwa msanii kutoka Afrika kupewa heshima hiyo pale. Kabla ya London, maonyesho hayo yalikuwa Sharjah, Falme za Kiarabu. Alikuwa na umri wa miaka 82.

Tangu hapo mwili ulimpunguzia nafasi. Maumivu ya mgongo na maradhi ya uzee yalimfanya ashindwe kusimama mbele ya turubai kubwa kwa muda mrefu. Akageukia kilichokuwa karibu na kiti chake: maboksi ya dawa alizokuwa akinywa. Aliyafungua, akayalaza, akachora kwa kalamu na wino upande wa ndani, mchoro mmoja baada ya mwingine, mikunjo ya boksi ikiwa sehemu ya picha. Mwaka 2022 michoro hiyo ilionyeshwa The Drawing Center, New York. Baadhi yake imekuzwa na kuchapwa kwenye turubai kubwa za ukutani, kila moja ikiwa imeanzia kwenye kadi inayoenea kiganjani, kama alivyozoea tangu Kober.